Kibuye Yampigia Kura Mpishi

Ukimtafuta Lornah katika soko la Kibuye mjini Kisumu, usitaje jina lake. Uliza Mama Jeshi. Utaonyeshwa turubai la samawati karibu na mafundi wa masufuria, limejaa wanasesere wasio na mikono, magari yasiyo na magurudumu, na vipande vya michezo ambayo hata walioitengeneza wameisahau. Nguo za mitumba kila mtu anauza. Mitumba ya vitu vya kuchezea ni kazi ya watu wachache wenye subira, na Lornah ana subira ya kupika jiwe akanywa mchuzi wake.

Robota la mitumba likifunguliwa, wenzake hurukia vitu vikubwa: baiskeli za watoto, wanasesere wenye nywele ndefu. Yeye huinama hadi chini kabisa, palipo na vumbi na vitu vidogo vilivyoshuka safari nzima, akachambua kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Anatafuta askari. Wa plastiki huwauza. Wa madini, wale wazito wenye urefu wa kidole, huwatia mfukoni mwa aproni, na siku hiyo mteja akimwuliza bei ya gari anajibiwa kwa tabasamu tu.

Nyumbani kwake Kisian, kabati ambalo wanawake wengine hupanga glasi za harusi limejaa majeshi. Kuna wapiga tarumbeta, wapanda farasi, wanamaji, na jenerali mmoja aliyepoteza kichwa ambaye Lornah amekataa kumstaafisha. Mume wake, Oluoch, fundi wa baiskeli, humtania mbele ya wageni.

"Hii nyumba iko na wanaume wengi sana," husema, "na ni mimi peke yangu nanunua unga."

Wageni hucheka. Lornah pia hucheka, kwa sababu hilo la unga limemgusa mahali ambapo Oluoch hapajui vizuri.

Mambo yalianza miaka mingi nyuma, alipokuwa mgeni mjini, ametoka Pap Onditi huko Nyakach na begi moja. Alikung'uta kiatu cha mtoto mchanga kilichotoka kwenye robota, akadondoka askari wa madini. Rangi ilikuwa imebabuka yote usoni, akabaki mweusi tititi. Lornah alimtazama, askari mwenye rangi ya watu wa kwao, akamtia mfukoni. Kwao Nyakach kuna kaburi lisilo na mtu. Babu yake, Ondiek, alichukuliwa kwenda Burma katika ile vita kubwa ya pili, akiwa katika jeshi la Mwingereza lililoitwa Keya, na hakurudi. Mjaluo akipotelea mbali na mwili wake usionekane, watu wake hawamwachi akitangatanga. Huchuma tunda la yago, lile refu zito, wakalizika mahali pake kwa heshima zote. Basi Lornah alikua akifagia kaburi la tunda, na kila alipouliza babu alikuwa na sura gani, hakupata jibu la kumtosha. Picha haikuwahi kupigwa.

Aliyerudi kutoka vitani ni mwenzake Ondiek mmoja, na huyo ndiye aliyeleta habari. Ondiek, alisema, alikuwa mpishi wa kikosi. Alisonga ugali kwenye pipa lililokatwa katikati, akawagawia askari mmoja mmoja, na yeye akala mwisho. Siku bomu lilipoangukia jiko, wenzake wote walikuwa wameshiba. Yeye hakuwa ameonja hata tonge.

Habari hiyo haikuwafurahisha wazee wa ukoo. Mwanamume na mwiko, wapi na wapi? Walikaa, wakashauriana, na kuanzia hapo, kila palipokuwa na matanga, Ondiek alitajwa kama mpiga bunduki kubwa aliyeangusha ndege za Wajapani. Kila matanga ndege ziliongezeka. Mtu mmoja tu alikataa uongo huo: shangazi yake Lornah, Rachael, ambaye Ondiek alimwacha tumboni mwa mama yake. Yule mwenzake aliyerudi alimkuta Rachael kitoto cha kukimbia uchi, akamshika kidevu. Kisha akasema, uso ndio huu huu.

Sasa Rachael amepita miaka themanini, macho yameanza kuvuta ukungu, na kuna jambo moja ambalo huliomba waziwazi bila haya. Anataka kumwona baba yake kabla macho hayajazima. Ndiyo maana Lornah huchambua vumbi la chini ya robota. Amepata askari wa kila namna. Mpishi hajawahi kumpata.

Siku moja ya Jumamosi, Nasir alikuja sokoni mbio. Nasir anauza vipuri vya magari mkabala na Kibuye, ni mtu mnene na wa heshima, na mbio si desturi yake. Yeye ndiye mkusanyaji mwingine pale. Anapenda vifaru vya kivita. Walijuana na Lornah wakigombania mfuko mmoja wa mitumba, kila mmoja ameshika pembe, na tangu hapo wamekuwa marafiki wa kugombana.

"Lornah, wacha hiyo mteja kwanza," alisema, akimsukumia simu. "Soma hapa. Soma pole pole, wallahi mimi nimesoma mara tatu."

Lornah alisoma. Kulikuwa na karakana ndogo huko Ulaya ambayo askari wake husifiwa na wakusanyaji wote duniani, na mwenye karakana alikuwa ameuliza swali kwenye mtandao: mnatumaini kuona nini katika toleo la mwaka ujao? Kila mtu alete pendekezo lake, watu wapige kura, na litakaloshinda litachongwa, limiminwe madini, lipakwe rangi, liuzwe.

Lornah akateremsha kidole kwenye simu. Mapendekezo yalikuwa yakimiminika. Mjapani mmoja alitaka ndovu aliyebeba mzinga. Bibi mmoja wa Kanada alitaka wauguzi, akasema amewangoja tangu akiwa msichana. Mtu mwingine alitaka askari wa theluji walioloa hadi magotini. Wengi walitaka wapanda farasi wenye ngao na mikuki, utadhani wapanda farasi wamewahi kuadimika. Nasir alikuwa amekwisha kuandika lake: kifaru chenye kifuniko kinachofunguka, na dereva ametoa kichwa nje akitiririka jasho.

"Kwa sababu huko ndani ni joto," alieleza. "Hawa watu hutengeneza vifaru miaka yote na hakuna mtu anaonyesha hiyo joto. Wewe utaitisha nini?"

"Mpishi."

Nasir alicheka hadi akashika kiuno. "Ati mpishi. Nani atanunua mpishi, mama?"

"Hao askari wako wote wamejaa kwa shelfu," Lornah alimwuliza, "tangu uwapange, wamekula nini?"

Nasir alichukua simu yake. Aliondoka akirudi dukani, na kabla hajavuka barabara Lornah alikuwa ameanza kuandika kwenye yake. Mpishi wa Keya, Burma. Shati limekunjwa mikono, kofia imesukumwa kisogoni, pipa mbele yake, mwiko mrefu mikononi, na ugali umeanza kukaza. Alipomaliza alimpigia shangazi yake simu, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Na watamwekea mwiko ama bunduki?" Rachael aliuliza.

"Mwiko, waya," Lornah alimjibu, akimwita shangazi kwa Kijaluo.

"Haya. Nangoja."

Neno hilo, nangoja, lilimkaa Lornah mgongoni kama mtoto. Sasa ilikuwa lazima ashinde.

Lakini kura zilimdhalilisha mpishi. Wapanda farasi walikuwa juu, ndovu akiwafuata, hata kifaru cha Nasir kilikuwa na watu wake. Mpishi alikuwa mkiani na kura mbili: ya Lornah, na nyingine ambayo Nasir aliapa haikuwa yake. Upigaji kura ulikuwa unafungwa Jumapili iliyofuata. Mtu wa mji mwingine angekata tamaa. Lornah ni wa Kisumu, na Kisumu kura haipigwi kimya kimya.

Alianza na wanawake wa chama chake, kisha wauza viazi, kisha kwaya ya kanisa la Kisian, ambayo ilimtungia mpishi wimbo mfupi wenye mdundo wa kutosha kuinua vumbi. Vijana wa bodaboda walijitolea kupeleka habari hadi Kondele. Mafundi wa masufuria waligonga vyuma. Debra wa viazi, ambaye hajawahi kumshika askari wa madini mkononi, alisimama juu ya kreti akahutubia: jeshi bila mpishi ni watu wenye njaa walioshika bunduki, na hao wote tunawajua. Kibuye nzima ilishangilia. Oluoch mwenyewe, yule mtani, alipita akigawa vipeperushi alivyoandika kwa mkono, herufi zake zikiwa zimepinda kama spoki za baiskeli.

Jumapili, siku ya soko kubwa, walipiga kura. Kwa kuwa wengi hawakuwa na bando, Nasir aliwafungulia mtandao wa duka lake. Watu walipanga foleni mlangoni, akina mama wakapewa nafasi ya mbele, na Nasir akasimama kama ofisa wa uchaguzi, amesahau kabisa kifaru chake. Mpishi alimpita bibi wa wauguzi. Akakipita kifaru, Nasir akapiga makofi. Akampita ndovu. Jua lilipoanza kulegea juu ya ziwa, mpishi Ondiek aliwapita wapanda farasi wote pamoja na farasi wao, na Kibuye ikalipuka. Lornah alirushwarushwa juu na watu wasiojua hata Burma iko upande gani. Alilia, akacheka, akapoteza kiatu kimoja, na hakukitafuta.

Jumatatu asubuhi alifungua simu amtazame tena mpishi wake. Hakuwepo.

Mwenye karakana alikuwa ameandika maneno machache makavu. Kura mia kadhaa zimeingia kutoka mtandao mmoja, katika alasiri moja. Ni wazi ni mtu mmoja anayefanya ujanja. Pendekezo la mpishi limeondolewa kwenye mashindano. Wapanda farasi wameshinda.

Habari ilienea sokoni kabla chai haijachemka. Tumeibiwa, watu walisema, na kwa hilo Kibuye haihitaji kufundishwa. Palizuka hoja ya maandamano, vijana wawili wakaanza kutafuta matawi ya kushika, hadi mtu alipouliza wanaandamana kuelekea wapi. Nasir alikaa mlangoni pa duka lake ameshika kichwa, kwa maana mtandao ulikuwa wake. Oluoch alijaribu kuwa na hekima. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alimwambia mkewe, na siku hiyo alikula ugali alioupika mwenyewe.

Lornah hakuumizwa na kushindwa. Lililomkata maini ni ile "nangoja." Angemwambiaje yule mama? Alifunga turubai mchana kweupe, akaenda Pap Onditi.

Rachael aliolewa ng'ambo ya kijito tu, kiasi kwamba kaburi la yago huonekana kutoka mlangoni pake. Lornah alimkuta akipepeta maharagwe. Alimweleza yote, akitazama chini. Rachael hakuacha kupepeta.

"Kwa hivyo huyo mzungu anasema nyinyi wote ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, waya."

"Kwani aliita majina?"

Lornah hakuelewa.

"Yule rafiki ya baba alituambia," Rachael alisema. "Huko jeshini, asubuhi lazima majina iitwe. Kila mtu anajibu na mdomo yake. Huwezi kujibia mwenzako. Sasa nyinyi mumeenda mumepiga kelele pamoja, nani atajua muko wangapi? Nyathina, mtoto wangu, enda uite majina."

Lornah alisimama wima. Alimkumbatia shangazi yake na ungo wake, maharagwe yakamwagika, akatoka mbio bila kunywa chai, jambo ambalo kwa Rachael ni kosa kubwa kuliko wizi wa kura.

Kesho yake Kibuye iliita majina. Lornah alisimama mwanzo wa safu ya kwanza, ameshika mwiko wa kuazima wenye urefu wa mtu, Nasir akishika simu na kupiga video. Walipita kibanda kwa kibanda. Kila mtu alisimama penye kazi yake, akatazama simu, akajibu kwa kinywa chake. Debra, viazi. Aloo, omena. Laila, nguo za watoto. Winny, nyanya, na mtoto mgongoni ambaye hakupiga kura ila alitaka. Fundi mmoja alijibu akigonga sufuria. Mzee kipofu anayeuza kamba alisema jina lake, kisha akaongeza kwamba kura yake alisomewa na mjukuu, na asidhaniwe hakujua alichochagua. Wengine walinyoosha mashati kwanza. Mama mmoja alipiga saluti. Mwisho kabisa Lornah alichukua simu akamgeuzia Nasir, na Nasir, akitoa jasho kuliko dereva wake wa kifaru, akasema: "Nasir, vipuri. Mtandao ilikuwa yangu. Ile kura ya pili ya mpishi pia ilikuwa yangu." Kwa hiyo hata hilo lilijulikana.

Walituma, Lornah akaambatanisha habari za babu yake na namba yake ya simu. Siku zikapita bila neno, na Lornah akawa mtu wa kutazama simu hata anapowahesabia wateja chenji. Kisha asubuhi moja ikalia, na usoni mwa simu akatokea mzee mwembamba mwenye miwani, nyuma yake rafu zimejaa askari wasiopakwa rangi. Lornah alimtambua kabla hajajitaja. Alikalia rundo la wanasesere.

Yule mzee aliomba radhi, polepole, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake. Mashindano yalikuwa yamefungwa, alisema, na wapanda farasi hawezi kuwanyima haki yao. Lakini video ile wameitazama karakana nzima wakati wa chakula cha mchana, na mfanyakazi wake mmoja aliweka kijiko chini akauliza: sisi tumetengeneza majeshi miaka yote hii, nani huwapikia? Basi atamchonga mpishi, nje ya mashindano. Kuna tatizo moja tu. Hachongi mtu bila uso. Atumiwe picha ya babu.

Lornah aliinuka kwenye rundo la wanasesere. Alitaka kusema hakuna picha, hakuna, haijawahi kuwepo. Ndipo akaikumbuka ile kauli ya mwenzake Ondiek, uso ndio huu huu, na hapo hapo akajikuta akicheka peke yake kwenye simu na mzee wa Ulaya.

"Nitatuma," alisema.

Kumpiga Rachael picha kulihitaji diplomasia. Lornah alikwenda na Oluoch na Nasir katika pikapu ya duka. Rachael alikubali kushika mwiko. Alikubali hata kuvaa kofia ya Oluoch. Kitambaa cha kichwani ndicho kilicholeta vita.

"Nitoe kitambaa mbele ya wanaume ya watu?"

"Waya, babu hakuvaa kitambaa."

Rachael alifikiri. Kisha akakivua mwenyewe, akabaki na nywele fupi nyeupe, akaweka kofia kisogoni, akakunja mikono ya gauni, akainamia sufuria. "Piga haraka," alisema, "kabla sijabadilisha akili." Lornah akapiga.

Kisanduku kutoka Ulaya kilifika wakati wa mavuno ya mahindi. Lornah alisaini kukipokea, lakini hakukifungua. Alikipakata hadi Pap Onditi, Nasir akiendesha kama aliyebeba mayai. Rachael alikuwa ameshapika. Ugali ulikuwa mezani na samaki kando, na watu wa nyumbani wameketi, maana habari ilikuwa imewatangulia.

Kisanduku kikafunguliwa. Ndani, katika pamba, alikuwepo mwanamume kijana, mweusi, shati limekunjwa, kofia kisogoni, ameinamia pipa lake na mwiko mrefu mikononi. Mzee wa karakana alikuwa amefuta miaka yote usoni pa Rachael, akaacha mfupa wa shavu, kidevu na ule mkunjo wa katikati ya nyusi. Shingo ilikuwa na mishipa ya mtu anayesonga ugali wa watu wengi.

Rachael alimpokea kwa viganja viwili. Alimsogeza karibu na jicho lake zima zaidi, akampitishia kidole gumba usoni, kisha akakipitisha kwenye uso wake mwenyewe, kisha tena kwake. Nje kuku walikuwa wakigombana.

Lornah alimweleza kwamba mpishi anaagizwa duniani kote. Mjapani wa ndovu amemchukua. Bibi wa Kanada pia. Hata wale wa wapanda farasi wanaandika kwamba majeshi yao yamekuwa na njaa muda mrefu. Rachael alitikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku zote. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameketi pembeni, na hakuna aliyezitaja ndege za Wajapani.

Maji ya kunawa yalizunguka. Nasir, aliyekuwa na njaa ya safari, alinyoosha mkono kwenye ugali.

"Ngoja," Rachael alisema.

Alimsimamisha baba yake mezani, katikati ya sahani, akamgeuza awatazame. Alikata tonge kutoka katikati, pale ugali ulipokuwa bado unatoa mvuke, akalifinyanga, akalitobolea na kidole gumba, akaliweka mbele ya miguu ya madini. Mikono ya wote ilikuwa hewani, inangoja.

"Baba," alimwambia, "hawa wote nitawapikia mimi. Leo anza wewe."